Wifi wa Chumba cha Picha

Evarista alikuwa ameipanga siku hiyo kwa hila. Alijua kwamba Ruthu, dada wa mpenzi wake Obedi, amekwenda Mpwapwa kwenye msiba wa mama mkwe wake, na kwamba chumba cha picha cha hospitali kimebaki mikononi mwa Respicius, bwana mpole asiyemjua mtu yeyote wa ukoo wa Obedi. Kwa hiyo akaichagua Alhamisi. Akavaa gauni pana, akajitanda kanga, akakaa kwenye benchi la korido pamoja na akina mama wengine, na moyo wake ukatulia kidogo.

Mlango ulipofunguliwa, aliyetoka ni Ruthu.

"Anayefuata," alisema, kisha akamwona. "Kumbe ni wewe."

"Shikamoo, dada Ruthu."

"Marahaba. Ingia."

"Nilisikia uko msibani. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Tulizika Jumapili. Huku nyuma kina mama wamegoma kuvua nguo mbele ya Respicius, ikabidi nipigiwe simu nirudi. Ingia basi, upepo unaleta vumbi kwenye mashine."

Evarista aliingia. Angeweza kusema amesahau kitu ofisini, na kwa kweli neno hilo lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini mtu akishaitwa na wifi yake mtarajiwa mbele ya korido nzima, hana pa kutokea.

Mashine ile ya kupiga picha za matiti ilikuwa mpya, zawadi ya wahisani, na mwaka ule wa 2004 ilikuwa gumzo la mji. Wanawake wa maofisini walikuwa wanakwenda kwa zamu, wakirudi na vichekesho vya namna walivyobanwa. Evarista, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika taarifa za vikao vya Bunge, aliwasikiliza wenzake wakicheka, naye akacheka, kisha akaenda kujifungia chooni akajigusa titi la kushoto. Kile kitu kilikuwa bado kipo. Kidogo, kigumu, pembeni kuelekea kwapani.

Alikuwa amekigundua mwezi Juni. Hakumwambia mtu.

Obedi ndiye aliyemwomba akapime. Alikuwa bwana mifugo wa huko Kondoa, mjane wa miaka mitano, na walikutana kwenye harusi moja ya Miyuji, Obedi akiwa ameitwa kukagua nyama na Evarista akiwa kwenye kamati ya chakula. Waligombana kuhusu mbuzi mmoja. Kufikia wakati wa keki walikuwa wanatafutana kwa macho. Alikuwa mtu wa maneno machache na wa kanisani, na kukumbatiana kwao, kwa mwaka mzima na zaidi, kuliishia mlangoni. Aliomba jambo moja tu kabla ya posa. Mkewe Anitha alikufa kwa kansa ya matiti. Hakutaka mwingine afe hivyo naye yupo.

"Sikuwekei sharti," alimwambia. "Nakuomba."

Na Evarista alimpenda, kwa hiyo akasema sawa, ingawa alikuwa na sababu mbili za kuikimbia mashine ile, na sababu zote mbili alikuwa amezibeba kifuani.

Sasa Ruthu alikuwa anafuta sahani ya mashine kwa kitambaa, bila haraka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mrefu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Hakumtaka Evarista na hakuwahi kuficha. Alimwita Mkatoliki aliyeachika, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alisema watu wa Bukoba watawafanyia nini ng'ombe, wao wanajua ndizi, na hilo alilisema akicheka lakini hakulirudisha. Na katika ukoo ule neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wajomba wote. Obedi alipomwoa Anitha, mahari ilitokana na ng'ombe walioletwa siku Ruthu alipoolewa. Dada wa namna hiyo, kwa Wagogo, ana kauli katika nyumba ya kaka yake maisha yake yote. Uzao wa ng'ombe waliobaki ulikuwa bado unachungwa kwa baba yao kule Kongwa, na bila idhini ya Ruthu hakuna ambaye angethubutu kumtoa hata ndama.

"Kuna maumivu popote?" Ruthu aliuliza.

"Hapana."

"Chochote ulichokigusa? Kivimbe, ugumu, chuchu kutoa maji?"

"Hapana."

"Vua juu. Kanga unaweza kubaki nayo mpaka nikuite."

Ruthu hakumwangalia mwili. Alimwangalia namna fundi anavyokiangalia kiti kinachotakiwa kupita mlangoni, akampanga, akambana, akamwambia ashike pumzi. Evarista aliyafunga macho. Alikuwa anasubiri kusikia kitu kinapasuka. Hakikupasuka kitu. Wakarudia upande wa pili, kisha Ruthu akachukua kasha la filamu akaingia chumba cha giza kuisafisha.

Alikaa huko muda mrefu.

Aliporudi, filamu ilikuwa bado inachuruzika maji. Akaitundika kwenye kioo cha taa, akasimama mbele yake na mikono nyuma.

"Evarista."

"Abee."

"Njoo uone."

Evarista alikwenda akiwa ameshika kanga kifuani. Kwenye picha, ndani ya kila titi, kulikuwa na duara kubwa jeupe, jeupe kabisa, likiwa limekaa katikati kama andazi kwenye sahani. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nimepiga picha za vifua, za miguu, za watu waliomeza funguo," Ruthu alisema. "Hii nimewahi kuiona kwenye karatasi tu, chuoni. Mwalimu alisema, hii huko mikoani kwenu hamtaiona. Ulitiwa wapi?"

"Johanesbagi."

"Nani alitaka?"

"Mume wangu. Yule wa zamani." Aliona hakuna faida ya kusema nusu. "Na mimi. Mimi pia nilitaka."

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini. Octavian, mumewe wa wakati huo, alileta magari ya mitumba, alileta televisheni, alileta maziwa ya unga na viatu vya Dubai, na kila alipokitazama kitu cha nyumbani aliona kinaweza kuwa bora kikiagizwa nje. Alimpeleka mkewe Afrika Kusini kama zawadi ya kutimiza miaka thelathini. Evarista, aliyekuwa ametaniwa kifua chake tangu sekondari, alirudi na mifuko miwili ya silikoni, akasimama mbele ya kioo akajipenda. Huo ndio ukweli na haukuwa na aibu yoyote mpaka Octavian alipomwacha. Hapo ndipo alipoanza kuiona mifuko ile kama mali ya mtu aliyesahau kuja kuichukua.

"Kwa nini hukusema kabla sijakubana?"

"Niliona haya, dada. Wewe ni wifi yangu."

"Bado."

"Bado," Evarista alikubali. "Ingeweza kupasuka?"

"Ni mara chache sana, kwa tulivyofundishwa. Lakini mwanamke anatakiwa aulizwe kwanza, na mimi sikukuuliza. Nani angeuliza, hapa Dodoma? Kwa hiyo umekosea na nimekosea." Aliinua kidole akakipeleka kwenye lile duara. "Sasa sikiliza. Mfuko wenyewe hauleti kansa ya titi, sijafundishwa hivyo. Shida yake ni kwamba unaziba. Mionzi inagonga hapa, na nyama iliyofunikwa na huu weupe siioni. Daktari mwenye haraka anaweza kuitazama hii akasema uko salama. Mimi siwezi kusema uko salama. Sijakuona."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Kuna picha nyingine za kuongeza. Mfuko unasukumwa nyuma, ukalale kwenye kifua, halafu titi linavutwa mbele peke yake ndipo linabanwa. Ni kazi ya taratibu. Sijawahi kumfanyia mtu."

Evarista alirudi kwenye kiti akachukua gauni lake.

"Unakwenda wapi?"

"Obedi aliomba nipime. Nimepima. Mwambie nimepima."

"Keti."

"Dada Ruthu, hujawahi kunitaka. Leo umepata sababu, na ni nzuri kuliko zile za ndizi. Unachotaka kumwambia mwambie, nitakuwa nimeshafika nyumbani."

"Nimesema keti."

Hakupandisha sauti. Evarista aliketi, gauni likiwa mapajani. Aliogopa. Alimwogopa Ruthu, aliogopa kile kitu cha kwapani, na zaidi ya vyote aliogopa uso wa Obedi akisikia.

Ruthu alizima taa ya kioo. Maduara meupe yakatoweka, chumba kikabaki na mwanga wa dirishani tu.

"Anitha alikuwa anapita mlango ule pale kila wiki," alisema. "Ananiletea maziwa ya mgando, anakaa kiti hicho ulichokaa, tunasengenya watu, anaondoka. Alikuwa na uvimbe mkubwa kama limau na hakuniambia. Wakati huo mashine hii haikuwepo, lakini macho nilikuwa nayo, na madaktari nilikuwa nao humu humu. Alipofikishwa Dar es Salaam ilikuwa imeshapita. Nilimuuliza hospitalini, Anitha, kwa nini mimi usiniambie? Akaniambia, wifi, ng'ombe zako ndizo zilizonioa. Ningekuonyeshaje mali imeharibika?"

Evarista alikiangalia kiti alichokalia.

"Mpaka leo nasikia neno lile. Hunipendezi, sitakudanganya. Unaongea sana na unacheka na wanaume. Lakini mimi sikukataa kwa ajili ya kanisa. Niliogopa Obedi ataleta mwingine wa kunificha. Na ona, kaleta."

Nje korido ilikuwa imepoa. Wanawake waliobaki walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini juu ya bei ya ufuta. Evarista aliliweka gauni sakafuni. Akasimama, akaachia kanga, akamshika Ruthu mkono wa kulia na kuupeleka kwenye titi lake la kushoto, pembeni, kuelekea kwapani.

"Hapa," alisema.

Vidole vya Ruthu vilitulia pale. Vikabonyeza kidogo, vikazunguka, vikarudi.

"Tangu lini?"

"Juni."

"Hiki si mfuko."

"Najua. Mfuko naujua. Nimekaa nao miaka saba."

"Haya," Ruthu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kazini. "Haya, mdogo wangu. Tufanye taratibu."

Walifanya taratibu kweli. Mara ya kwanza mfuko uliteleza ukarudi mbele, ikabidi Ruthu aachie mashine na kuanza upya. Mara ya pili Evarista alicheka kwa maumivu na woga, Ruthu akamwambia akicheka atapigiwa picha ya kicheko. Jasho liliwatoka wote wawili ingawa Agosti ya Dodoma ina baridi yake. Walipomaliza, Ruthu aliingia tena chumba cha giza, na safari hii alipotoka aliitundika filamu bila kusimama mbele yake.

Titi lilionekana lenyewe, likiwa na mistari yake myembamba, na lile duara limebaki ukingoni tu. Na pale pembeni kulikuwa na kidoa.

"Kipo," Ruthu alisema. "Kwenye picha za kwanza hakikuonekana kabisa. Kilikuwa kimefunikwa."

"Ni kansa?"

"Mimi napiga picha. Picha inaonyesha kitu kipo, haisemi jina lake. Jumatatu daktari Bartolomayo atakutazama kwa ultrasaundi, aone mfuko ulipo asije akauchoma, halafu atachukua nyama kidogo kwa sindano. Vingi vya namna hii huwa si kitu. Vingine huwa kitu. Kikiwa kitu, ni kidogo, na tumekiwahi."

"Utamwambia Obedi?"

"Kuhusu nini?"

"Mifuko."

Ruthu alikuwa anavua koti jeupe. Alilitundika kwenye msumari, akalinyoosha mabega yake kwa kiganja.

"Humu ndani sina kaka wala mdogo. Nina wagonjwa. Ya humu hayatatoka kinywani mwangu. Lakini yuko nje."

"Nani yuko nje?"

"Obedi. Ameingia na basi la Kondoa, nimemwona dirishani wakati natundika filamu. Kwa hiyo chagua mwenyewe utatoka na uso gani."

Obedi alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya ukuta wa nje, kofia magotini, nyusi nyeupe kwa vumbi la njiani. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa karanga. Alipomwona Evarista alisogea kumwachia nafasi upande wake wa kushoto, na Evarista akakaa, Obedi akiwa kulia kwake.

"Hukuniambia unakuja," Evarista alisema.

"Ungenikataza. Kwema huko?"

Alikuwa na macho ya mtu aliyeshazoea kusubiri nje ya milango ya hospitali. Evarista aliyatazama na akataka kusema kwema. Ingekuwa rahisi, neno moja tu.

"Obedi, nina kivimbe. Titi la huku. Nimekijua tangu Juni na sikukwambia."

Obedi hakusogea.

"Na kuna jingine. Kifua hiki si changu chote. Ndani nina mifuko, niliwekewa Johanesbagi nilipokuwa na Octavian. Yeye alilipa na mimi nilipenda. Ndiyo iliyokuwa inaficha kivimbe, dada Ruthu amelazimika kuisukuma nyuma ndipo akakiona. Jumatatu nachomwa sindano. Sasa umejua vyote."

Karanga moja ilianguka kutoka kwenye mfuko, Obedi akaiokota, akaishika.

"Nilidhani ndivyo ulivyoumbwa," alisema.

"Sivyo."

"Si hilo linalonikera. Hata ningekuwa na maswali ningeuliza siku nyingine." Alikuwa anaongea na karanga. "Nilikuomba kitu kimoja, Evarista. Kimoja."

"Najua."

"Juni, Julai, Agosti. Tumekaa meza moja, unaniuliza habari za ndama."

"Niliogopa ungeniacha."

"Na ungekufa je? Hapo nisingeachwa mimi?"

Aliinuka, akavaa kofia, akaenda. Hakwenda kwa hasira. Alikwenda tu, akapita kona ya jengo, na kofia yake ikapotea. Evarista alibaki anautazama mfuko wa karanga. Alisema moyoni kwamba limekwisha, na ajabu ni kwamba hakujuta kusema. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Ruthu alitoka akiwa na sweta na mkoba, nguo za nyumbani. Akakaa pale alipokuwa amekaa mdogo wake.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Upande wa bomba?"

"Sijui. Amepita kona ile."

"Ndiko kwenye bomba." Ruthu alichukua karanga, akaimenya. "Anitha alipomwambia, Obedi aliosha uso mpaka ndoo ikaisha. Huyu hajui kulia mbele ya watu. Ng'ombe akifa, hivyo hivyo."

Walikula karanga. Zilikuwa za kukaangwa na chumvi, nzuri, na Evarista alishangaa kwamba anaweza kuonja kitu.

Obedi alirudi uso ukiwa umelowa, vumbi limebaki masikioni tu. Alisimama mbele yao.

"Mbukwa, dada," alimsalimu Ruthu.

"Mbukwa. Nakwenda Kongwa kesho kutwa, kumsalimia baba. Nitamwambia ng'ombe zangu watengwe."

"Watengwe kwa ajili gani?"

"Unajua kwa ajili gani. Wabaki hapo hapo wakingoja, hata kama watangoja mwaka mzima wa matibabu. Sitaki nisikie ukoo unasema subirini majibu ya sindano kwanza." Alijisogeza mwisho wa benchi kumpisha. "Hizi karanga zako zina chumvi nyingi."

Obedi alikaa, tena kulia kwa Evarista, katikati ya hao wanawake wawili. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Evarista hakumharakisha, maana alikuwa ameshasema yote aliyokuwa nayo na hakubakiza la kujitetea.

"Upande gani?" Obedi aliuliza.

"Kushoto."

Akainuka. Akazunguka mbele ya magoti ya Evarista, akaja akakaa upande wake wa kushoto.